Mshonaji wa Risasi na Mpishi wa Nuru

Kwa jina la Mola aliyeiumba nuru akaipa na kivuli kiifuate, aliyeyashusha maradhi na dawa zake, anayekijua kilichomo vifuani na matumboni kabla mashine yoyote haijakipiga picha. Kwake tunaanza, na rehema na amani zimfikie Mtume wake na wote waliomfuata kwa wema.

Ama baada ya hayo, ni adabu ya mwenye kusimulia kuwapanga watu wake kama wapangwavyo wenye kusali, kila mmoja mahali pake, asije mmoja akamkanyaga mwenziwe. Wa kwanza ni Fundi, kijana mshonaji, mrefu na mwembamba kama uzi uliopakwa nta. Huyu hakushona suruali wala magauni. Alishona aproni za hospitali, zile nzito zenye mabamba laini ya risasi ndani yake, madini ya risasi si risasi za bunduki, wanazovaa watu wa vyumba vya picha ili mionzi isiwapenye. Wa pili ni mama yake, mjane, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Mkubwa, mwanamke mwenye ulimi wa wembe na moyo wa pamba. Wa tatu ni Mkemia, binti wa maabara ya hospitali kuu, aliyefiwa na mama yake kwa uvimbe wa ini akabaki na baba yake, mwalimu mstaafu. Wa nne ni Daktari wa Picha, mtu wa miwani mikubwa na maneno machache. Hao ni wanne, na wa tano wao ni Yule asiyekosekana popote walipo watu.

Ilikuwa asubuhi, saa ambayo ukumbi wa hospitali hufurika kama soko: wagonjwa na vyeti vyao, wauguzi na hatua zao za haraka, jamaa waliobeba chupa za chai, na lifti mbili ambazo moja yake siku zote ni mbovu. Fundi alikuwa ameketi karibu na dawati la mapokezi, bunda la aproni alizozikarabati limemlalia miguuni. Shati lake jeupe lilipigwa pasi hata mkunjo wake ungeweza kukata nyanya, na utepe wa kupimia ulikuwa ungali shingoni kwa kusahau.

"Nipisheni, jamani! Nipisheni, tafadhali!"

Umati ulipasuka, akatokea msichana mfupi, mtandio wa zambarau umekazwa vizuri kidevuni, koti jeupe limemfika magotini, na kifuani beji ndogo inayohesabu mionzi. Alisukuma kigari cha chuma, na juu yake palifungwa chungu cha risasi, kidogo kama birika, kizito kama amana. Alipofika mbele ya Fundi, ukanda ulioshika chungu ukakatika ghafla, chungu kikainama. Fundi akaruka kukidaka.

"Usiguse! Rudi nyuma!"

"Dada, mimi si mwizi."

"Sijasema u mwizi. Nimesema rudi nyuma."

"Kwani ndani mna nini? Nyoka?"

"Mna dawa inayokufa. Na kila tukibishana inazidi kufa."

Fundi hakuelewa dawa gani hiyo yenye roho ya kutoka. Lakini ukanda uliokatika aliuelewa, kwa kuwa ndiyo lugha ya kazi yake. Alifungua mshipi wake wa ngozi kiunoni, akamrushia. Msichana akaudaka, akauzungushia chungu mara mbili, akaukaza kwa meno. Alipoinua uso kutoa shukrani alimwona yule kijana amesimama wima kama askari, mkono mmoja umeshika bunda la aproni, wa pili umeshika suruali isiporomoke. Cheko likamtoka kabla hajalizuia.

"Na wewe je, kaka? Utafikaje nyumbani?"

"Suruali itasubiri. Dawa yako haisubiri. Nenda."

Akaenda, mbio, kigari kikilia nyuma yake. Naye Fundi akarudi dukani siku hiyo mwendo wa bata, watu wakimtazama, wala asione haya. Alikuwa amelisikia lile cheko, nalo lilimfuata njia nzima kama harufu ya udi katika nguo.

Kesho yake mchana mshipi ulirudi, umekunjwa ndani ya mfuko safi wa karatasi, na aliyeurudisha alikuwa Mkemia mwenyewe. Duka la Fundi lilikuwa chumba kimoja ng'ambo ya barabara ya hospitali, cherehani mbili kubwa, meza ndefu ya kukatia, na nyuma ya pazia la bluu, kiti cha Bi Mkubwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyemvua mwanangu mshipi mbele ya kadamnasi?"

"Mama!" Fundi alisema.

"Nauliza tu. Mtu na aulizwe."

Mkemia aliziba mdomo kwa ncha ya mtandio, mabega yakimtikisika. Kisha akaeleza. Aproni za maabara zilishonwa kwa vipimo vya wanaume warefu. Yake humburura kama pazia lililoanguka, na ikifika adhuhuri mabega humuuma hata hawezi kuinua kikombe. Je, Fundi anaweza kumshonea moja ya kimo chake?

Fundi alivua utepe shingoni, kisha akasita, akampa mama yake. Bi Mkubwa akapima, yeye akageukia ukuta akiandika alichotajiwa.

"Bega. Kifua. Kimo, maskini, hakuna kimo hapa," alisema Bi Mkubwa. "Simama sawasawa, binti, usiogope. Huyu mwanangu hang'ati. Ila usimkaribishe kiti, hajui kukaa. Alipokuwa anatambaa aliikalia sindano yangu, ncha ikavunjikia pajani. Mpaka leo imo. Madaktari walisema iacheni, haimdhuru, na tangu hapo hatulii kitako."

"Mama, hayo nayo ni vipimo?"

"Ni vipimo vyako. Naye apewe vyake na vyako, biashara iwe ya haki."

Mkemia alicheka hadi machozi. Ile aproni ilipokwisha, kitambaa chake kilikuwa cha kijani kilichoiva, na mabegani, mahali ambapo jicho halifiki, Fundi alikuwa ametia pedi za sufu laini, kazi ya usiku asiyoitoza malipo. Mkemia aliivaa, akainua mikono, akazunguka. Alimtazama tu, na mtazamo ule ulisema alichokuwa Fundi akitaka kukisikia.

Zikaanza simu. Kila alasiri, Mkemia akishatoka maabara na kunawa na kupimwa, simu ya Fundi ililia mezani katikati ya vipande vya risasi.

"Haya, Mpishi wa Nuru, leo umepika nini?"

"Nimepika, kimeungua."

"Chumvi nyingi?"

"Joto jingi. Na ungekuwapo ungesikia nilivyojitukana."

"Matusi gani? Nitajie moja nijue adabu yako."

"Nimejiita mshonaji."

Hivyo ndivyo walivyochezeana, na katikati ya mchezo Fundi akaijua kazi ya mwenziwe. Kila asubuhi, nyuma ya kuta nene za risasi, kwa mikono mirefu ya chuma inayoongozwa kutoka nje, Mkemia aliishika chembe yenye mionzi akaifunga kwenye dawa iendayo ini. Dawa hiyo ikidungwa mwilini husafiri kama mpelelezi, na mashine huona kila inapopita. Lakini chembe ile ina umri mfupi. Iking'aa asubuhi, alasiri ni majivu. Ndiyo maana ya mbio zake ukumbini.

"Shida si kung'aa," alimwambia siku moja. "Shida ni ini lenyewe. Ini ni mwenyeji karimu mno, Fundi wangu. Kila mgeni humkaribisha ndani. Dawa za zamani zikifika huko, ini lote linawaka, na uvimbe mdogo unajificha humo kama mtu wa kanzu nyeupe katika safu ya kanzu nyeupe. Mimi natafuta mpelelezi ambaye ini zima litampokea kisha limpitishe kwenye nyongo, aende zake. Ila uvimbe, kwa kuwa ni mchoyo, umshike usimwachie. Hapo ini litabaki kiza, na uvimbe peke yake utawaka."

"Na umeshampata?"

Mkemia akashusha sauti. "Mama yangu alipigwa picha nyingi. Kila moja ilisema hakuna kitu. Ulipoonekana, ulikuwa mkubwa kama ngumi. Nilimuuguza kwa mikono yangu mpaka akawa mwepesi kama nguo iliyoanikwa. Nakwambia kweli, mpenzi, wa pili wa maradhi yale siwezi kumuuguza. Moyo wangu hauwezi mara ya pili."

Fundi hakujibu kwa maneno ya kawaida. Alimpa ubeti aliouunga akishona, kwa kuwa baba yake marehemu alimlea katika tungo:

*Mpishi wewe wa nuru, ulokaa maabara,*
*Wala mimi hunidhuru, miali yako si dhara,*
*Kwa hilo ninashukuru, nasimama kwa ishara,*
*Ukisema niko huru, nitakaribia mara.*

"Ishara ipi hiyo?" Mkemia aliuliza, sauti yake imelainika.

"Ile ya mlangoni kwenu. 'Usikaribie, mionzi.' Siku nitakayomtuma mama yangu kwa baba yako, utaiondoa."

"Mwombe Mungu dawa yangu ifaulu kwanza. Nataka nije kwako kichwa changu kikiwa kimetulia."

Kauli hiyo ndiyo iliyomtia Fundi katika jambo alilolitenda. Hospitali ilibandika tangazo ukumbini: wanatakiwa watu wazima wenye afya, wajitolee kudungwa dawa mpya, ionekane kama ini zima kweli linaiachilia. Baadhi ya waliojiandikisha waliogopa wakajitoa, na kazi ya Mkemia ikawa inasimama. Fundi alipiga moyo konde akaenda kwa Daktari wa Picha.

"Una jamaa yeyote katika utafiti huu?" Daktari aliuliza.

"Sina jamaa, daktari," alijibu, na kwa kuwa posa haijapelekwa, aliona hajasema uongo. Lakini nusu ya kweli ni mkasi wa upande mmoja, hukwaruza, haukati. Akapewa nambari badala ya jina, kama wote, maana wapikao dawa hawatakiwi kujua inaingia katika mwili wa nani. Akadungwa, akalazwa chini ya mashine kubwa kama pete, akapigwa picha kutoka utosini hadi mapajani, na muda wote alitabasamu. Alikuwa akiitunza siri hiyo kama zawadi. Siku dawa itakapofaulu atamwambia: miongoni mwa yale maini uliyoyatazama, moja lilikuwa langu, nalo lilikuwa likikuwaza wewe.

Mwanadamu hupanga, na Mola hupanga. Daktari alimwita tena. Akampima kwa mashine nyingine, akatoa chembe ya nyama kwa sindano ndefu, akamwambia asubiri. Kisha asubuhi moja alimketisha, akavua miwani yake, na mtu akimwona daktari anavua miwani na atulize moyo.

"Tulitaka ini tupu," alisema. "Lako limekuwa tupu, isipokuwa hapa. Ni uvimbe mdogo kama punje ya dengu, lakini ni saratani. Umewahi. Ukikubali kukatwa mapema, nina matumaini makubwa sana. Ukichelewa, sitakuwa nayo."

Fundi aliyasikia maneno kama mtu asikiaye adhana kutoka mtaa wa mbali. Alitoka nje akakaa kwenye benchi la ukumbini, pale pale alipolisikia lile cheko mara ya kwanza. Simu ikalia.

"Mpenzi wangu! Nipongeze! Nipongeze haraka kabla sijapasuka!"

"Kuna nini?"

"Imefaulu! Kuna mshiriki mmoja, sijui ni nani, ana nambari tu, picha yake imetoka kama nilivyoota. Ini kiza tupu, na ndani yake kidoa kimoja kinawaka kama taa ya mnara. Sikuthubutu kufurahi, nikangoja kipimo cha nyama. Leo kimetoka, ni uvimbe wa kweli! Mdogo hivi kwamba hakuna mashine nyingine ambayo ingeushuku. Fundi wangu, nimelia. Nimesujudu sakafuni maabara, wenzangu wakadhani nimezimia. Mbona kimya?"

"Nakusikia. Hongera sana."

"Hongera sana, basi? Sauti yako imeanguka kisimani?"

"Kuna kelele hapa. Nimefurahi, Wallahi nimefurahi."

"Natamani nimjue mtu huyo nimshike mkono. Hajui bahati yake."

Fundi alikata simu kwa kusema ana mteja. Ukumbi wote ulikuwa ukipita mbele yake. Furaha ya mpenziwe ilikuwa imejengwa juu ya ini lake, naye hakumwonea wivu hata chembe. Kilichomuuma ni ile kauli nyingine, aliyoiweka akiba moyoni kama sindano nyingine: *moyo wangu hauwezi mara ya pili*. Akajiuliza, je, nimpeleke posa au nimpeleke msiba? Akaamua, kwa mapenzi yenye giza, kwamba ni heri amvunje moyo sasa kuliko amuue kidogo kidogo baadaye.

Simu za alasiri zikapungua. Akawa na kazi nyingi, akawa na usingizi, akawa na wateja wasio na majina. Mwishowe Mkemia akamkabili.

"Niambie ukweli. Penzi letu limetumbukia nyongo?"

"Nimefikiri. Naona tusiendelee."

"Kuna mwingine?"

Fundi hakusema yupo, wala hakusema hayupo.

"Kunyamaza ni jibu," alisema Mkemia, na sauti yake ikakaza. "Haya. Na hii aproni nikurudishie?"

"Kaa nayo. Itakukinga."

"Itanikinga na mionzi. Na wewe nani atanikinga?"

Simu ikakatika. Tangu siku hiyo Fundi alishona kama mtu anayezika. Daktari alimpigia kumtajia siku ya upasuaji, Fundi akasema ana aproni za hospitali nyingine, ahirisha. Akampigia tena, akasema ahirisha. Kuna mtu huogopa kisu, na kuna mtu huogopa kuamka baada ya kisu na kukuta kiti cha pembeni kitupu. Yeye alikuwa wa pili. Bi Mkubwa, ambaye hakuambiwa chochote, alimtazama kwa jicho la pembeni.

"Chakula hukigusi, mtoto wa watu umemkata maini, na cherehani unaiendesha kama unakimbizwa. Una nini?"

"Sina kitu, mama."

"Sina kitu. Hata baba yako alisema hana kitu mpaka alipoanguka. Nyumba hii imechoka na wasio na kitu."

Siku iliyofuata, adhuhuri imetoka tu, pazia la mlango likafunguliwa. Alikuwa Mkemia, na koti lake la maabara hakulivua. Mtandio wake, ambao siku zote ulikazwa kwa ustadi, ulikuwa umekaa upande. Macho yalikuwa mekundu.

"Shikamoo, Bi Mkubwa. Naomba ruhusa niseme na mwanao mbele yako."

"Marahaba, mwanangu. Sema naye. Na ukitaka mkasi, uko hapo mezani."

Mkemia alimgeukia Fundi. Cherehani ikasimama yenyewe.

"Nimeona sindano," alisema.

Fundi akaweka mkono pajani.

"Sikuambiwa na mtu. Daktari amelinda siri yako kama alivyoapa. Mpaka jana sisi wa maabara tulionyeshwa ini peke yake. Jana alituonyesha picha nzima za washiriki, tuone dawa inapita wapi mwilini. Alipofika kwa yule wa kidoa, wenzangu wote walikuwa wanatazama ini. Mimi macho yangu yalishuka. Kwenye paja pana mstari mweupe, mwembamba, umevunjika ncha. Nani katika mji huu ana ncha ya sindano pajani?"

"Sindano gani? Ini la nani?" Bi Mkubwa alisimama. "Nyinyi watoto mnasema nini?"

Hapo Fundi alilazimika kusema yote, na aliyasema akitazama meza. Alipokwisha, Bi Mkubwa hakupiga ukelele. Alimwendea mwanawe, akamshika kichwa kwa mikono miwili kama alivyomshika alipokuwa mtoto, akakiegemeza tumboni mwake, akawa anarudia, "Ya Rabi, mtoto wangu. Ya Rabi, mtoto wangu."

"Nilikupigia simu nikashangilia," alisema Mkemia, na machozi sasa yalikuwa yakishuka bila kuzuiwa. "Nilikushangilia saratani yako sikioni. Nikasema hujui bahati yako. Usiku wote nimejiuliza ulikuwa umekaa wapi uliponisikia."

"Kwenye benchi la ukumbini. Wala hukunikosea. Sauti yako ilikuwa kitu kizuri pekee siku ile."

"Basi mbona ulinifukuza?"

"Ulisema moyo wako hauwezi mara ya pili."

Mkemia alipangusa uso kwa kiganja. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa na ukali, lakini ulikuwa ukali wa mtu anayemvuta mwenziwe kutoka ukingoni.

"Nilisema siwezi kumuuguza tena mtu aliyechelewa. Mama yangu alichelewa kwa sababu hakuna aliyeuona. Wako nimeuona! Nimepika dawa ile miaka na miaka ili mtu mmoja, hata mmoja tu, awahi. Mola amenipa huyo mmoja, akanichagulia wewe. Nawe umekaa hapa unashona aproni za watu na kuahirisha? Unataka nishinde kote kisha nishindwe kwako?"

"Nilitaka nisikutie uchungu."

"Uchungu umekwisha kunitia. Na kwa taarifa yako, ini ni kiungo cha subira. Hukatwa likamea tena. Moyo ndio sijui kama humea. Usinijaribu."

Bi Mkubwa alikiachia kichwa cha mwanawe, akachukua kanga yake begani akajifuta pua. "Nani ana namba ya daktari huyo?" aliuliza. "Nipeni mimi niongee naye. Tuone nani ataahirisha."

Alikatwa wiki hiyo hiyo. Bi Mkubwa alikaa mlangoni mwa chumba cha upasuaji na tasbihi yake, na mwalimu mstaafu, baba yake Mkemia, ambaye alikuwa hajamwona kijana huyo kwa macho, alikuja akakaa kando yake bila kuuliza swali. Fundi alipofumbua macho, kiti cha pembeni hakikuwa kitupu. Mkemia alikuwa ameketi, amelala, kichwa kimeanguka upande, na mkononi ameshika ule mshipi wa ngozi.

Jeraha likapona, mwili ukarudi. Ikafika siku ya kupigwa picha nyingine, ijulikane kama kuna kilichobaki. Asubuhi hiyo Mkemia aliipika dawa mwenyewe, amevaa aproni ya kijani, na safari hii alijua inamwendea nani. Fundi akadungwa, akawekwa katika chumba kidogo cha kungojea chenye dirisha la kioo kizito, kwa sababu mtu aliyedungwa hukaa peke yake mpaka ini limalize kumsindikiza mpelelezi. Mkemia akasimama nje ya kioo. Simu ya Fundi ikalia.

"Unanisikia?"

"Nakusikia na nakuona. Aproni imekukaa. Nani aliyekushonea?"

"Mzee mmoja mwongo. Unaogopa?"

"Kidogo."

"Mimi sana," alisema Mkemia, na akaweka kiganja chake juu ya kioo. "Una neno la kuniambia tangu siku ile ya ubeti. Mbona hulisemi?"

"Nangoja picha. Ikitoka safi, nitamtuma mama leo leo."

"Na ikitoka na doa?"

Fundi akageukia mlango wa chumba cha mashine.

"Basi niulize sasa," alisema Mkemia. "Kabla haijapigwa. Ukiniuliza baada ya picha, nitakuwa nimeikubali picha. Mimi nataka nikukubali wewe."

Upande wa pili wa kioo kijana alisimama polepole, mkono mmoja umeshika ubavu ulioshonwa, mwingine umeshika simu. Macho yake yalijaa.

"Mpishi wa Nuru, mama yangu na mjomba wangu waje kwa mzee wako?"

"Waje. Hata leo alasiri. Baba ameshanunua sukari."

Bi Mkubwa, aliyekuwa kwenye benchi la ukuta wa pili akijifanya anasinzia, alifumbua jicho moja. "Posa ya kioo na simu," alisema. "Sijaiona maishani mwangu. Lakini nimeisikia, na mimi ni shahidi."

Akaingizwa kwenye mashine. Wakangoja nje, na kungoja kwao hakuna aliyekuhesabu. Kisha mlango ukafunguka, Daktari wa Picha akatoka, na miwani yake ilikuwa usoni. Akaligeuza bamba la picha kuwaelekea. Ini lilikuwa kiza, kiza safi, kama mbingu ya usiku ambayo mawingu yote yameondoka. Na chini kabisa, pajani, mstari mwembamba mweupe uliovunjika ncha.

"Hakuna kitu," alisema Daktari, "ila sindano."

"Hiyo ni yangu," alisema Bi Mkubwa, akalia kwa kwikwi.

Ilipofika alasiri, mpelelezi akiwa amekwisha kuwa majivu, Mkemia alichukua kipimo kidogo, akakielekeza kwa Fundi, akakisoma. Akaenda mlangoni, akaiondoa ile ishara isemayo mtu asikaribie, akaiegemeza ukutani.

"Uko huru," alisema.

Naye akakaribia mara.

Ewe Mola, uliyewaunganisha wawili hawa kama nyongo na ini, warehemu waliotangulia ambao picha zao zilichelewa, akina mama waliogeuka wepesi mikononi mwa watoto wao, na akina baba waliosema hawana kitu. Na waliobaki, ewe Mwingi wa huruma, walioketi sasa hivi kwenye mabenchi ya kumbi zote wakingoja mlango ufunguke, wape daktari mwenye miwani usoni, wape mkono wa kushika, na wawahishe. Amina.